Figo Kuumia Ghafla kwa Mgonjwa Aliyelazwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgonjwa kalazwa kwa nimonia, au kafanyiwa upasuaji wa tumbo, au moyo ulimzidi. Siku ya tatu daktari wa raundi anafungua faili, anatazama majibu ya maabara, kisha anasema: "Figo zimeanza kupata shida." Ndugu wanatazamana. Hakuna aliyekuja hapa kwa ajili ya figo. Maswali yafuatayo ni yale ambayo sisi tunaofanya kazi wodini huulizwa karibu kila siku, mengine kitandani, mengine kwenye korido, mengine kwa kunong'ona. Nimeyajibu kama ninavyojibu ana kwa ana, ila hapa sina haraka ya raundi.

Alikuja na nimonia. Figo zimeingiaje?

Figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, hupokea kati ya moja ya tano na robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, halafu hurudisha karibu yote na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Kazi hiyo ya kurudisha ndiyo inayokula nguvu, na baadhi ya mirija inayoifanya imejificha ndani kabisa ya figo, mahali ambapo oksijeni ni ya kubana hata kwa mtu mwenye afya njema. Presha ikishuka kwa saa chache, iwe kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini, kutokwa damu, kutapika na kuhara, au moyo uliochoka, mirija hiyo huumia mapema. Tena mwili wenyewe hauzipi figo kipaumbele: damu ikiwa haba huelekezwa kwenye ubongo na moyo, figo zinaambiwa zisubiri.

Ni nadra kukuta sababu moja peke yake. Mchukue huyo wa nimonia. Homa imemkausha maji siku nne nyumbani. Alikuwa anameza ibuprofeni kutuliza maumivu ya kifua. Ana presha, na hakuacha losatani, dawa yake ya presha, hata siku alizokuwa hali wala hanywi. Amefika presha ya juu ikisoma 85, akaanzishiwa antibiotiki ya jentamisini. Ukiniuliza ni kipi hasa kilichomuumiza figo, jibu la kweli ni vyote hivyo, kimoja juu ya kingine.

Hii ndiyo "figo kufeli"?

Si lazima. Zamani madaktari walitumia neno la kushindwa. Siku hizi wanasema figo kuumia ghafla, na kwenye faili utaona herufi AKI. Neno lilibadilishwa kwa sababu nzuri: iligundulika kwamba hata uharibifu mdogo, ule ambao figo bado inafanya kazi kwa sehemu kubwa, unaongeza hatari ya mgonjwa kufa. Kusubiri mpaka figo zishindwe kabisa ndipo ushtuke ni kuchelewa.

Ugonjwa sugu wa figo ni kitu kingine. Huo hujijenga kwa miezi na miaka, mara nyingi kwa kisukari au presha ya muda mrefu. Huu wa ghafla huja kwa saa au siku. Ila mtu mwenye ule sugu ndiye anayeangukia huu wa ghafla kwa wepesi zaidi, kwa hiyo mara nyingi tunakuta vyote viwili ndani ya mtu mmoja.

Kuvitofautisha kuna njia rahisi kuliko vipimo vyote: karatasi ya zamani. Kama mgonjwa aliwahi kupimwa kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi) mwaka jana na mna ile karatasi, ileteni. Altrasaundi husaidia pia, maana figo zilizougua miaka mingi mara nyingi husinyaa, ingawa kwa wenye kisukari zinaweza kubaki na ukubwa wake na kumdanganya mpimaji.

Daktari anajuaje kwamba figo zimeumia?

Kwa damu na kwa mkojo. Kigezo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kile cha mwaka 2012 cha KDIGO, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo. Figo zinahesabiwa kuwa zimeumia ghafla ikiwa kreatinini kwenye damu imepanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita au zaidi (sawa na mikromoli 26.5 kwa lita) ndani ya saa 48, au imefika mara moja na nusu ya kiwango chake cha kawaida ndani ya siku 7, au mkojo umekuwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6. Kuna hatua tatu. Kreatinini ikifika mara mbili ya kawaida ni hatua ya pili; ikifika mara tatu, au miligramu 4, au mgonjwa akianza kusafishwa damu, ni ya tatu.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo ikidhoofika, taka hii hurundikana, lakini hurundikana taratibu. Figo zinaweza kusimama kabisa leo asubuhi na majibu ya mchana yakaonekana mazuri. Itachukua siku moja, pengine mbili, mpaka namba iseme kilichotokea.

Kuna mtego mwingine ambao huwa nauonyesha kwa kalamu. Bibi wa miaka 78, mwembamba, misuli imekwisha. Alipolazwa kreatinini yake ilikuwa 0.6. Siku ya tatu ni 1.0. Karatasi ya maabara haina nyota wala mshale, kwa sababu 1.0 ni ya kawaida kwa watu wengi. Kwa bibi huyu ni ongezeko la theluthi mbili. Figo zimeumia, na kama anayesoma anatafuta mishale tu, ataligeuza hilo karatasi na kuendelea na mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Kwa nini nesi anapima mkojo kila saa, hata usiku?

Kwa sababu mkojo mara nyingi husema kabla ya damu, na kuupima hakuhitaji mashine.

Hesabu ni hii. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Hizo ni vijiko viwili vya chakula. Kwa saa 6 ni mililita 180, hata kikombe cha chai hakijai. Mgonjwa mahututi huwekewa mpira wa mkojo ulioungwa na kisanduku kidogo chenye alama za mililita. Nesi akipita anainama, anasoma, anaandika, anamwaga kwenye mfuko mkubwa. Ukiona ameandika 40, 35, 20, 15, 10, hapo tayari kuna habari, ingawa kreatinini ya asubuhi ilikuwa shwari.

Mkojo ukikatika ghafla, wa kwanza kukaguliwa ni mpira. Mara ngapi nimefunua shuka nikakuta umekunjika chini ya paja, au umeziba kwa bonge la damu! Unaunyoosha, mililita 400 zinashuka kwa pamoja, na daktari aliyekwisha kuitwa anarudi alikotoka. Lakini ukaguzi huo ufanyike kila mara, maana kuziba kwa njia ya mkojo ni sababu halisi ya figo kuumia.

Kosa linaloharibu hesabu zaidi ya yote ni la upendo. Ndugu anaona mfuko umejaa, anaenda kuumwaga chooni ili kumsaidia nesi, na hakuna aliyeandika. Kwenye chati mgonjwa huyo anaonekana hajakojoa tangu usiku, na pengine anaongezewa dripu ambayo haihitaji. Mkitaka kumwaga, semeni kwanza. Na asiye na mpira apewe chombo cha kupimia. Mpira hauwekwi kwa kila mtu kwa sababu huleta maambukizi yake.

Mkojo umebadilika rangi. Ni dalili?

Inategemea. Mkojo mweusi kama chai ya rangi unaweza kutokana na misuli iliyopondeka au chembe nyekundu za damu zilizopasuka kwa wingi, na vyote viwili huziba na kuumiza mirija ya figo. Jambo la misuli lilielezwa vizuri London mwaka 1941, wakati wa mashambulizi ya mabomu: watu waliofukuliwa chini ya vifusi wakiwa hai, miguu imebanwa kwa saa nyingi, walionekana wanapata nafuu, kisha figo zikasimama na wakafa ndani ya siku chache. Mkojo mzito wa njano iliyoiva huwa ni upungufu wa maji tu. Rangi ya chungwa kwa anayemeza rifampisini ya kifua kikuu ni ya dawa, haina neno.

Ni dawa zipi zinazoumiza figo?

Swali hili lina majibu mengi, na heri nilijibu polepole.

Tuanze na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na naproxeni. Kila kichujio cha figo kina mshipa wa kuingizia damu na wa kuitolea. Mwili ukiwa na upungufu wa maji, figo hujiokoa kwa kuupanua mshipa wa kuingizia. Dawa hizi huufunga mlango huo. Dawa za presha za jamii ya enalaprili na losatani hufanya kazi upande wa pili: huulegeza mshipa wa kutolea, shinikizo ndani ya kichujio likashuka. Siku za kawaida jambo hili ni jema kwa figo, hasa za mwenye kisukari. Siku ya kuhara na kutapika ni balaa. Ongeza na dawa ya kukojoza maji, kama furosemaidi, na umekamilisha utatu ambao kila mfamasia anauogopa: njia ya kuingilia imebanwa, ya kutokea imelegezwa, na maji yenyewe yamepungua.

Kundi la pili ni dawa zenye sumu kwa mirija yenyewe. Antibiotiki za jentamisini na amikasini hujikusanya ndani ya seli za mirija, na madhara huonekana zaidi kuanzia siku ya tano hadi ya saba ya matibabu. Ndiyo maana daktari makini huuliza kila asubuhi kama bado inahitajika. Amfoterisini B ya fangasi, vankomaisini ya bakteria, sisplatini ya saratani na tenofovia ya virusi vya UKIMWI zinaingia humu pia. Sisemi zikwepwe. Jentamisini imeokoa watoto wachanga wasiohesabika. Ninachosema ni kwamba anayeianza awe amepanga siku ya kuisimamisha na siku ya kupima kreatinini.

Kundi la tatu linasahaulika: mzio. Baadhi ya antibiotiki, na hata omeprazoli ambayo watu huimeza kama pipi, zinaweza kuufanya mwili uishambulie figo. Hapa wingi wa dawa si hoja. Kidonge cha kawaida kwa mtu wa kawaida kinatosha.

Kisha kuna dawa zisizoumiza figo ila figo ikiumia zinarundikana. Mofini ya maumivu makali humfanya mgonjwa alale mno na kupumua kwa shida. Metfomini ya kisukari huongeza asidi kwenye damu. Insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, sukari ikashuka usiku wakati hakuna anayetazama. Kwa hiyo kreatinini ikipanda, karatasi nzima ya dawa inapaswa kusomwa upya, mstari kwa mstari, na dozi zipunguzwe au zisitishwe.

Na dawa za mitishamba? Tuambieni tu. Hakuna atakayewagombeza, au angalau hapaswi. Kuna mitishamba yenye sumu kali kwa figo, na tusipojua imetumika tutatafuta sababu mahali isipokuwepo.

Ameandikiwa CT, ile picha ya mashine, yenye dawa ya kuchoma kwenye mshipa. Tukatae?

Hapana, kama kipimo kinahitajika kweli. Hatari ya dawa ile kwa figo ni ndogo kuliko ilivyoaminika miaka ya nyuma, kwa sababu madhara mengi iliyolaumiwa nayo yalitokana na mambo mengine yanayoziumiza figo, ambayo wagonjwa wanaopigwa CT tayari wanayo. Tahadhari kubwa ni kwa wale ambao uwezo wa figo zao wa kuchuja uko chini ya mililita 30 kwa dakika au figo zao zimeumia sasa hivi. Hao huandaliwa kwa maji ya kutosha. Vidonge vya asetilisisteini vilivyokuwa vikitolewa zamani kama kinga havisaidii. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulilimaliza jambo hilo.

Dripu nyingi si zitaziosha figo?

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi, wakiwemo wenzangu.

Kama mgonjwa amekauka maji au amepoteza damu, dripu ni tiba, tena iende haraka. Figo ambazo zimekosa damu kwa muda mfupi huweza kuamka ndani ya siku moja hadi tatu. Lakini figo si bomba lililoziba uchafu likisubiri maji ya kulisukuma. Mirija ikishakufa seli zake, lita tano zaidi hazitaifufua. Zitaishia kwenye miguu, kwenye mapafu, na kwenye figo zenyewe, ambazo huvimba ndani ya gamba lake gumu na kujibana. Mgonjwa aliyekuwa na tatizo moja sasa anahema kwa shida. Dripu ipimwe kama dawa nyingine yoyote: kiasi gani, kwa sababu gani, na lini tutasimama na kumtazama tena.

Aina ya maji nayo imechunguzwa. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2018, wenye wagonjwa mahututi 15,802, ulilinganisha maji ya chumvi ya kawaida na yale ambayo madini yake yanakaribiana na ya damu. Waliopata kifo, kusafishwa damu au madhara ya kudumu ya figo walikuwa asilimia 15.4 kwa maji ya chumvi na 14.3 kwa yale mengine. Tofauti ndogo, na tafiti kubwa za baadaye hazikuiona waziwazi. Kwa hiyo asiye na aina ya pili asijilaumu. Maji yenye wanga, yaliyokuwa yakisifiwa, hayo ni ya kuacha: tafiti mbili za mwaka 2012 zilionyesha kuwa yanaongeza idadi ya wanaohitaji kusafishwa damu.

Furosemaidi nayo isieleweke vibaya. Inaweza kuongeza mkojo na kupunguza maji kwenye mapafu, na kwa hilo tunaitumia. Haiponyi figo. Mkojo ulioongezeka baada ya sindano hutufurahisha sote, lakini kreatinini haijali furaha yetu.

Kwa hiyo hakuna dawa ya figo zenyewe?

Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi hospitalini, ile ya mirija kuumia, hakuna. Wengi wametafuta. Dopamini ya dozi ndogo ilichomwa kwa wagonjwa kwa miaka mingi kwa imani kwamba inazilinda figo, mpaka utafiti wa Australia na New Zealand wa mwaka 2000 ulipoonyesha haileti nafuu yoyote.

Tiba ni kuondoa kinachoumiza na kuipa figo muda. Kutibu maambukizi mapema, kuinua presha, kusimamisha dawa zenye madhara, kuondoa kizuizi. Hiki cha mwisho ndicho kinachouma kikisahaulika, maana kinatibika: mzee mwenye tezi dume iliyokua, kibofu kimejaa mpaka kitovuni, naye anaongezewa dripu kwa sababu "hakojoi". Mkono juu ya tumbo ungetosha. Kwa wanawake, saratani ya mlango wa kizazi inaweza kuibana mirija ya mkojo pande zote mbili bila maumivu makali. Altrasaundi ya figo na kibofu ifanyike mapema kila sababu inapokuwa haijulikani.

Zipo aina chache zenye dawa yake, hasa pale kinga ya mwili inapoishambulia figo. Dalili ni damu na protini nyingi kwenye mkojo. Hapo daktari bingwa wa figo aitwe siku hiyohiyo.

Kwa nini wanahangaika sana na potasiamu?

Kwa sababu ndiyo inayoweza kuua leo usiku. Kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Figo zikisimama, potasiamu hupanda, ikipita 6.5 moyo unaweza kupoteza mapigo bila mgonjwa kulalamika chochote kabla. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mawimbi yaliyochongoka kama kilele cha hema, kisha yanapanuka.

Sindano ya kalsiamu huulinda moyo ndani ya dakika chache, lakini kwa muda wa nusu saa hadi saa moja tu, na haipunguzi potasiamu hata kidogo. Insulini pamoja na glukosi huisukuma potasiamu ndani ya seli kwa saa kadhaa. Salbutamoli ya kuvuta, ile ya pumu, husaidia pia. Zote hizi ni za kununua muda. Kuitoa mwilini kabisa ni kazi ya figo au ya mashine. Wakati mwingine namba kubwa ni ya uongo, chembe za damu zilipasuka ndani ya chupa ya sampuli. Hapo hurudiwa kupimwa, ila moyo hauachwi bila kuangaliwa huku tukisubiri.

Ndiyo maana mtaambiwa msimletee ndizi, maji ya machungwa wala ile chumvi mbadala ya wenye presha. Chumvi hiyo imejaa potasiamu.

Wamesema anahitaji kusafishwa damu. Akianza, si ndiyo hataacha tena?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na limewahi kusababisha familia kukataa hadi ikawa kuchelewa.

Mashine haiui figo. Walioanza na hawakuacha, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao figo zao hazikurudi. Historia ya mashine yenyewe ndiyo jibu zuri. Daktari Willem Kolff alijenga mashine yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi, akaanza kuitumia 1943 akiwa na utando uleule unaotumika kufungia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyeletwa amezimia, figo zimesimama ghafla, alisafishwa damu, akazinduka. Figo zake zikarudi. Hakuhitaji mashine tena. Kazi ya kwanza kabisa kufanikiwa ya kusafisha damu ilikuwa ni ya kumvusha mtu, si ya kumfunga.

Sababu za kuanza ni hizi: potasiamu isiyoshuka kwa dawa, asidi kali kwenye damu, maji kwenye mapafu yasiyotoka, taka zilizopanda hadi kuchanganya akili au kuvimbisha utando unaozunguka moyo, na baadhi ya sumu. Kreatinini kubwa peke yake haitoshi. Wala kuanza mapema si bora: utafiti wa Ufaransa wa 2016 ulikuta karibu nusu ya waliosubiriwa hawakuhitaji mashine kabisa, na mwingine wa 2020, wa wagonjwa wapatao 2,900 katika nchi 15, ulikuta vifo ni sawa kwa walioanza mapema na waliosubiriwa, huku walioanza mapema wakibaki wanaitegemea mashine kwa wingi zaidi baada ya siku 90. Kwa hiyo daktari akisema "tusubiri hadi kesho", msidhani kamtelekeza.

Mpira wa kupitishia damu huwekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa kinena. Awamu moja huchukua saa tatu hadi nne. Kwa presha iliyo chini sana, mashine huendeshwa polepole mchana na usiku. Pasipo mashine, damu inaweza kusafishwa kwa kuingiza maji maalumu tumboni na kuyatoa, njia inayofaa sana kwa watoto.

Mjamzito au aliyejifungua je?

Kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi ndivyo vinavyoongoza. Aliyejifungua na hajakojoa kwa saa sita aangaliwe, hata kama kila mtu yuko busy na mtoto. Malaria kali nayo, kwa watoto na watu wazima, ni chanzo kikubwa pale inapopatikana.

Sasa anakojoa lita nne kwa siku. Amepona?

Anapona. Mirija inayorudi kazini hufungua maji kabla haijajua kuyarudisha, na chumvi na potasiamu hutoka nayo. Siku hizi chache mgonjwa anaweza kukauka upya na figo zikaumia mara ya pili, kwa hiyo asipunguziwe uangalizi kwa sababu tu mfuko umejaa.

Figo zitarudi kama zamani?

Mirija iliyoumia kwa kawaida hujijenga ndani ya wiki moja hadi tatu, mara nyingine miezi. Wengi hutoka hospitalini bila mashine. Lakini kreatinini kurudi ilipokuwa si hakikisho kwamba hakuna kovu. Aliyewahi kuumia figo ghafla ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa sugu, ya presha na ya kuumia tena, hasa kama ilifika hatua ya tatu au alikuwa na kisukari. Mwongozo wa KDIGO unataka apimwe tena baada ya miezi mitatu: kreatinini, presha, na protini kwenye mkojo. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo miadi inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu mtu anajisikia mzima na alilazwa kwa nimonia, na nimonia imepona.

Anaruhusiwa leo. Tuulize nini kabla ya kuondoka?

Ulizeni namba tatu ziandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa: kreatinini ya siku aliyolazwa, ya juu kabisa aliyofika, na ya leo. Ulizeni ni dawa gani zimesimamishwa, ipi irudishwe, na lini. Losatani au enalaprili iliyositishwa haikufutwa milele. Mwenye moyo dhaifu au kisukari anaihitaji, na kuiacha kwa woga kunaleta madhara yake. Kwa kawaida hurudishwa figo zikitulia, kisha damu inapimwa baada ya wiki moja au mbili.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki azikwepe. Parasetamoli inatosha kwa mengi. Akiharisha au kutapika siku za mbele, apige simu kuuliza kama asimamishe dawa za presha, za kukojoza na metfomini mpaka aanze kula na kunywa. Asubiri ushauri, asikate mwenyewe.

Hiyo karatasi ipigeni picha kwa simu, ya mgonjwa na ya mtu mwingine mmoja wa nyumbani. Atakayempokea akilazwa tena, kitu cha kwanza atakachouliza ni kreatinini yake ilikuwa ngapi.